Doa na kovu kwenye kaunta ya mawe si kitu kimoja

Alama mbili zinaweza kukaa bega kwa bega kwenye kaunta moja ya marumaru, zikafanana ukizitazama ukiwa umesimama, na bado kila moja ikataka tiba yake. Ya kwanza ni doa: mafuta, kahawa au kutu imepenya kwenye vinyweleo vya jiwe na kubadili rangi yake. Ya pili naiita kovu: hakuna kilichoingia, bali uso wa jiwe wenyewe umeliwa na asidi. Doa huvutwa litoke nje. Kovu husuguliwa mpaka uso urudi kuwa sawa. Ukichanganya haya mawili utasugua doa siku nzima bila mafanikio, au utabandika dawa ya madoa juu ya kovu na kusubiri siku mbili bure.

Kuyatofautisha hakuhitaji kifaa. Inama mpaka macho yako yawe usawa wa kaunta, kisha mulika tochi ya simu kutoka pembeni. Kwenye doa, jiwe limekolea rangi lakini mwanga unateleza juu yake bila kukatika. Kwenye kovu, mwanga unakatika: utaona duara lililofifia pale ilipokaa glasi, au vitone vyeupe-vyeupe pale limau lilipokamuliwa. Ukipitisha ukucha taratibu, kovu kubwa utalisikia.

Sababu ni hii. Marumaru, mawe ya chokaa na travatini vimeundwa hasa na kalsiamu kaboneti. Asidi ikigusa kalsiamu kaboneti huiyeyusha, na gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka. Limau, siki, nyanya, divai, juisi ya machungwa na soda za chupa zote zina asidi ya kutosha. Kwenye marumaru iliyong'arishwa, juisi ya limau haihitaji hata dakika kuacha alama. Hapa niseme jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi waziwazi: sila, yaani ile dawa ya kuzuia jiwe lisinyonye, haizuii kovu. Sila hukaa ndani ya vinyweleo na kupunguza madoa, lakini asidi inakula uso wa juu ambako sila haipo. Mtu aliyelipia sila akiamini marumaru yake sasa iko salama na limau amepotoshwa.

Kwanza ujue una jiwe gani

Majina ya dukani hayaaminiki. Neno marumaru lenyewe watu hulitumia hata kwa vigae vya sakafuni. Mawe mengi meusi yanayouzwa kama granaiti si granaiti kwa hesabu ya wanajiolojia, ingawa matunzo yake hayatofautiani sana. Hatari iko kwenye kwatzaiti: jiwe gumu, jeupe lenye mishipa, linalofanana mno na marumaru, na mara kwa mara marumaru au dolomaiti (jiwe jingine la kaboneti) huuzwa kwa jina lake.

Jaribu hivi. Tafuta sehemu isiyoonekana, kama ukingo wa nyuma karibu na ukuta. Dondosha tone moja la juisi ya limau, acha dakika 10, futa, kausha, mulika. Uso ukififia, jiwe lina kaboneti, na kanuni zote za marumaru zinakuhusu. Dolomaiti hujibu polepole, ndiyo maana usiridhike na dakika 2. Kama fundi alikuachia kipande kilichobaki, kwaruza nacho chupa ya kioo kwa nguvu. Kwatzi, madini yanayounda kwatzaiti, ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, na itaikata chupa. Kalisaiti, yaani ile kalsiamu kaboneti ya marumaru, ina 3 tu na itateleza. Kisu cha chuma kiko karibu na 5.5, kwa hiyo kinakwaruza marumaru lakini kwenye kwatzi chenyewe ndicho kinachoacha unga wake na kuwa butu.

Granaiti ni mchanganyiko wa madini ya kwatzi, feldspa na maika. Asidi za jikoni haziisumbui. Udhaifu wake ni vinyweleo, na hilo linatofautiana sana: granaiti nyeupe au ya kijivu hafifu hunywa mafuta, nyeusi iliyoshikamana karibu hainywi kitu. Angalia pia kama nyeusi yako haikupakwa rangi kiwandani: lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni (kile kimiminika cha kutolea rangi ya kucha), sugua mahali pa siri, na kitambaa kikitoka na weusi, rangi ile si ya jiwe. Jiwe la namna hiyo litafifia hata kwa limau, nawe utaambiwa ulilitunza vibaya.

Mawe ya kutengenezwa, yanayoitwa kwatzi ya kiwandani, ni punje za kwatzi zinazofikia takriban asilimia 90 ya uzito wake, zilizoshikwa na resini ya poliesta, yaani gundi ya plastiki iliyoganda. Utayatambua kwa punje zilizosambaa kwa usawa ambao maumbile hayana. Hayanyonyi, kwa hiyo usiyapake sila. Itabaki juu kama utando unaonata. Udhaifu wao wote uko kwenye resini. Resini huanza kuharibika kwenye joto la karibu nyuzi 150 za Selsiasi, na sufuria ya mafuta ya kukaangia hufika 180. Alama ya kahawia au nyeupe inayobaki haisafishiki, kwa sababu si uchafu, ni resini iliyoungua. Jua la moja kwa moja huifanya iwe ya njano baada ya miaka, ndiyo maana haifai nje. Dawa za kuzibua mabomba na za kusafisha oveni, ambazo ni alkali kali, nazo huila, na dawa za kutoa rangi ya mbao ni mbaya zaidi.

Na tafadhali, usijaribu kuipiga msasa nyumbani. Kaunta iliyokwisha kufungwa haina madhara kwa anayeitumia, lakini vumbi linalotoka ikikatwa au kusagwa ni silika laini inayoharibu mapafu bila kurudi nyuma. Australia ilipiga marufuku mabamba ya mawe haya kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya mafundi waliougua.

Kuosha kila siku

Maji ya vuguvugu lita 1, matone 4 au 5 ya sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini cha maikrofaiba. Futa, kisha futa tena kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matupu, kisha kausha. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye faida kubwa: maji yakikaukia juu ya jiwe huacha madini yake pale pale.

Sabuni nyingi si usafi zaidi. Inabaki kama utando, kila siku safu mpya, mpaka mtu anadhani jiwe limepoteza mng'ao. Kabla hujaita fundi wa kung'arisha, changanya alkoholi ya aisopropili na maji nusu kwa nusu, futa eneo dogo mara mbili, kausha. Ukiona mng'ao umerudi pale tu, tatizo lilikuwa sabuni. Alkoholi ya aisopropili ya asilimia 70, bila kuongezwa maji, inatosha kuua vijidudu kwenye mawe ya aina zote baada ya kuondoa uchafu; nyunyiza, acha ikauke yenyewe, mbali na moto.

Siki ndiyo ushauri unaosambaa kuliko wowote mtandaoni, nami nauona umeharibu marumaru nyingi kuliko kahawa na divai. Kwa mawe yenye kaboneti haifai hata ikizimuliwa. Klorini nayo iache: hufifisha resini, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ikikutana na amonia hutoa kloramini, zote sumu ya kuvuta. Unga wa kusugulia masufuria mara nyingi una chembe ngumu kuliko marumaru. Pamba ya chuma huacha nyuzi zinazoota kutu kwenye vinyweleo, na sasa una doa baya zaidi ya lile ulilotaka kulitoa.

Sila

Usifuate kalenda, fuata jiwe. Dondosha matone matano ya maji sehemu tano tofauti, hasa karibu na sinki na jiko, subiri dakika 10 hadi 15, futa. Palipobaki pamekolea ndipo panapohitaji sila. Pasipokolea, usiongeze.

Osha kaunta, iache ikauke saa 24 kamili. Paka sila sehemu ndogo ndogo, kama nusu mita kwa nusu mita, kwa kitambaa, mpaka uso uonekane umelowa sawasawa. Subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, kwa kawaida dakika 5 hadi 15. Sehemu zinazoinywa haraka ziongezee. Kisha, kabla haijakauka, futa yote iliyobaki juu kwa kitambaa kikavu, na cha pili kikavu. Kosa la kawaida ni kuiacha ikauke kwa kudhani ndivyo inavyoshika. Inageuka ukungu unaonata. Dawa yake ni sila ileile: paka juu ya ukungu, subiri dakika 1 au 2 ilainike, futa mara moja. Usiweke maji kwa saa 24.

Kuvuta doa

Kazi hii inafanywa na bandiko, yaani uji mzito wa unga unaofyonza. Kwa mafuta, unga mweupe wa kaolini na asetoni, au soda ya kuokea na maji kama mafuta ni mapya. Kwa kahawa, chai, manjano na divai, unga uleule na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Kwenye jiwe jeusi ijaribu kwanza pembeni, maana inaweza kufifisha.

Uji uwe mzito kama siagi ya karanga, usitiririke. Lowesha doa kwanza kwa kimiminika kilekile. Paka unene wa milimita 6, ukivuka kingo za doa kwa sentimita 2. Funika kwa plastiki, bandika kingo zake kwa utepe, acha saa 24. Kisha ondoa plastiki na uache bandiko likauke kabisa, mpaka lipasuke-pasuke kama tope la bwawa lililokauka. Hapo ndipo watu wengi huharibu. Wakati wa plastiki, kimiminika kinaingia na kuyeyusha mafuta; wakati wa kukauka, kinapanda juu kwenye unga na kuyabeba. Ukilifuta bandiko likiwa bichi, umeyeyusha mafuta na kuyaacha ndani, pengine yametanuka zaidi. Libandue kwa kipande cha plastiki, suuza, kausha, kisha subiri siku moja kabla ya kuamua, kwa sababu jiwe lenye unyevu huonekana lina doa. Doa la mafuta la muda mrefu linaweza kutaka mara 3 au 4, nawe furahi likipungua kila mara.

Asetoni inawaka. Zima jiko, fungua madirisha, na usiipeleke kwenye maungio ya mabamba yaliyogundishwa.

Kutu ni suala jingine. Dawa nyingi za kutu ni asidi, hivyo zitaacha kovu kwenye marumaru. Na zile zenye asidi ya haidrofloriki hula hata granaiti na hupenya ngozi mpaka kwenye mfupa. Hizo usiziingize jikoni. Mwachie fundi wa mawe.

Kuondoa kovu

Kovu jepesi kwenye marumaru iliyong'arishwa, lile lisilosikika kwa ukucha, linatibika nyumbani kwa unga wa kung'arishia marumaru. Mwaga kijiko cha chai kimoja, ongeza maji kidogo mpaka uwe uji, sugua kwa kipande cha filti chenye unyevu, kwa duara na kwa kukandamiza, dakika 2 hadi 5. Uji usikauke. Suuza, kausha, mulika, rudia. Ukisimama mapema utaona duara la ukungu kubwa kuliko kovu lenyewe, endelea, litafunguka. Kovu lenye kina linahitaji pedi za almasi na mkono uliozoea, vinginevyo utachimba bonde.

Jiwe la sabuni ni la kipekee. Limejaa talki, madini laini kuliko yote, hivyo hukwaruzika kwa urahisi, lakini asidi haliiogopi. Mikwaruzo ipige msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, halafu paka mafuta ya madini. Ya kupikia yataoza na kunuka.

Nimalizie na ukoko mweupe unaoota kuzunguka bomba. Kwenye granaiti, laza wembe karibu kabisa na jiwe na uukwangue ukoko taratibu. Kwenye marumaru, ukoko ule mara nyingi ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichounda jiwe, kwa hiyo asidi yoyote inayoweza kuuyeyusha itayeyusha na marumaru chini yake. Tumia kadi ya plastiki na uvumilivu, ukiulowesha kwanza kwa kitambaa chenye maji moto kwa nusu saa. Na kama ukoko unarudi baada ya wiki moja, kagua silikoni ya shina la bomba: panavuja. Fundi akija kuziba, mwambie atumie silikoni isiyotoa harufu ya siki, na asiweke puti ya mafuta chini ya bomba, kwani mafuta yake huingia kwenye jiwe na kuacha pete nyeusi.