Sindano ya Kupunguza Uzito Unapougua Virusi: Angalia Maji Kabla ya Kalenda

Kila msimu wa mafua unapoingia, sisi wafamasia huulizwa swali moja kwa sura nyingi: nimeshikwa na homa na kesho ndiyo siku yangu ya sindano, nichome au niache? Anayeuliza huwa anatumia semaglutidi, inayouzwa kwa majina ya Wegovy na Ozempic, au tirzepatidi, yaani Mounjaro na Zepbound. Wapo pia wanaotumia liraglutidi ya kila siku, Saxenda. Wengi hutarajia jibu lifuate jina la ugonjwa: mafua choma, UVIKO-19 acha. Kwa kweli jina la kirusi halitusaidii sana. Tunachotaka kujua kwanza ni kama unakunywa, kama unachokunywa kinakaa tumboni, na kama unakojoa kama kawaida yako.

Dawa hizi huiga homoni iitwayo GLP-1, ambayo utumbo huitoa baada ya chakula. Tirzepatidi huiga na homoni ya pili, GIP. Dawa zote hizi hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo na kuuambia ubongo kwamba umeshiba. Ndiyo maana uzito unashuka. Lakini kwa baadhi ya watu hata hamu ya kunywa hupungua, wakapitisha nusu siku bila kugusa maji na wasisikie upungufu wowote. Sasa ongeza homa. Mwili unatoka jasho, pumzi zinakwenda haraka na kutoa maji, hamu ya kula inakatika, na kama ni virusi vya tumbo, kutapika na kuharisha vinachota kilichobaki. Mtu mwingine mgonjwa angesikia kiu ikimsukuma kwenye glasi. Wewe huenda usiisikie.

Wanaobeba mzigo wa hali hiyo ni figo. Watumiaji wa dawa hizi walioripotiwa kupata madhara ya ghafla ya figo, wengi wao walianza kwa kichefuchefu, kutapika au kuharisha hadi maji mwilini yakaisha. Figo zilikosa damu ya kutosha kwa sababu maji hayakurudishwa kwa wakati, na hilo ni jambo linaloweza kuzuiwa nyumbani likishughulikiwa mapema.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi siku wanapoandikiwa dawa: kuacha sindano ya leo hakuiondoi dawa mwilini leo. Semaglutidi huchukua takriban wiki 1 kupungua hadi nusu, na huendelea kuwemo kwenye damu kwa karibu wiki 5 baada ya sindano ya mwisho. Tirzepatidi hupungua nusu kwa siku 5 hivi. Liraglutidi ndiyo ya haraka, kama saa 13, na kwa sababu hiyo huchomwa kila siku. Kwa hiyo anayetumia sindano ya wiki atapitia ugonjwa wake wote akiwa na dawa mwilini, achome asichome. Hilo lina pande mbili. Kuruka sindano moja hakutakupa nafuu saa ile ile, hivyo huwezi kuitegemea kama tiba ya kutapika. Na kuruka sindano moja hakuharibu miezi ya kazi uliyoifanya, hivyo huna sababu ya kujilazimisha kuchoma ukiwa hoi kitandani.

Tukirudi kwenye swali lenyewe. Ukiwa na mafua mepesi, pua inatiririka, koo linawasha, lakini unakula kidogo na kunywa vizuri, kwa kawaida unaweza kuchoma siku yako kama ulivyopangiwa. Dawa hizi si za kushusha kinga ya mwili, na hakuna haja ya kuziogopa kwa sababu tu umepiga chafya. Ukiwa na homa kali na chakula hakipiti ila maji yanapita, mimi humshauri mtu asogeze sindano siku moja au mbili aone mwili unaelekea wapi. Ukiwa unatapika au kuharisha, usichome. Subiri hadi ule na kunywa kama kawaida kwa saa 24 hadi 48, halafu ndipo ufikirie sindano.

Na kama wiki hiyo ilikuwa zamu ya kupanda dozi, usipande. Baki kwenye dozi uliyoizoea hadi upone kabisa. Madhara ya tumbo hutokea zaidi dozi inapoongezwa, na kuchanganya mwanzo wa dozi mpya na virusi vya tumbo ni kujitafutia kitanda cha hospitali. Hakuna anayepoteza chochote cha maana kwa kuchelewa kupanda.

Ukisogeza siku, zingatia mipaka. Semaglutidi ya wiki inaweza kuchomwa ikiwa hazijapita siku 5 tangu siku uliyopaswa kuchoma. Zikipita, acha hiyo na usubiri siku yako inayofuata. Kwa tirzepatidi mpaka ni siku 4, yaani saa 96. Kati ya sindano mbili za semaglutidi zisipungue saa 48, na za tirzepatidi zisipungue saa 72. Liraglutidi ukiiruka, endelea kesho yake kwa dozi ile ile. Lakini zikipita zaidi ya siku 3 bila kuchoma, huanzwa upya kutoka miligramu 0.6. Kwa dawa yoyote kati ya hizi, usichome mara mbili kufidia.

Ugonjwa ukikukosesha sindano mbili mfululizo au zaidi, usirudi moja kwa moja kwenye dozi kubwa kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia. Tumbo limeshasahau. Mtu aliyefika miligramu 2.4 za semaglutidi alipanda kutoka 0.25 kwa hatua za wiki nne nne kwa sababu maalumu, na akirudi juu ghafla anaweza kutapika vibaya kuliko virusi vilivyomlaza. Mara nyingine daktari atakurudisha hatua moja au mbili nyuma, mara nyingine mwanzo kabisa.

Watu wengi pia hushindwa kujua kinachowatapisha ni kirusi au ni dawa. Tazama muda na dalili zinazoambatana. Semaglutidi hufikia kilele kwenye damu kati ya siku ya 1 na ya 3 baada ya kuchoma, hivyo kichefuchefu kinachokuja siku hizo, hasa baada ya kupanda dozi au kula chakula cha mafuta mengi, huenda kinatokana na dawa. Homa, maumivu ya misuli, kikohozi, au watu wengine nyumbani kuugua vivyo hivyo, hapo ni maambukizi. Dawa hizi zenyewe kwa kawaida hazileti homa, kwa hiyo usiisingizie sindano. Na si kila homa ni ya virusi: anayeishi mahali penye malaria, au aliyetoka huko karibuni, apime, asikae kusubiri mafua yaishe.

Kunywa ndiyo kazi kubwa ya siku hizo, na hapa naomba usitegemee kiu. Weka saa. Tumbo linalochelewa kumwaga halipendi glasi nzima kwa mkupuo, litairudisha. Baada ya kutapika tulia dakika 10 hivi, kisha anza na kijiko kimoja au funda dogo kila baada ya dakika chache, ukiongeza taratibu. Inachosha, lakini inafanya kazi hata kwa mtu anayedhani hawezi kubakiza kitu. Kama unaharisha au kutapika, maji matupu hayatoshi kwa sababu unapoteza na chumvi. Tumia ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti nzima kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Usipunguze maji ili iwe kali, wala usiongeze ili idumu. Ukikosa pakiti, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitakuvusha hadi uipate. Aliyewekewa kikomo cha maji kwa sababu ya moyo au figo aulize kwanza kiasi chake.

Kipimo chako ni mkojo. Ukiwa wa rangi ya njano hafifu na unatoka kila baada ya saa chache, uko salama. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, uko nyuma.

Kuhusu chakula, kidogo kidogo na laini: uji, supu, ndizi, wali, yai, maziwa ya mgando kama tumbo linayakubali. Ukianza kupata nafuu, tanguliza vyakula vya protini. Mizani itakuwa imeshuka na utashawishika kufurahi, lakini kilo zinazopotea kitandani ni maji na misuli kwa sehemu kubwa, na misuli ndiyo usiyotaka kuipoteza katika safari hii. Usijinyime chakula wiki ya kupona ili ulinde tarakimu.

Sasa dawa nyingine. Hapa ndipo ninapoomba usomaji wa makini zaidi, kwa sababu mara nyingi hatari haitoki kwenye sindano bali kwa vilivyo kabatini pamoja nayo.

Kwa homa na maumivu chagua parasetamoli. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao hubana damu inayoingia kwenye figo, na figo zilizokaukiwa maji haziwezi kuvumilia hilo. Parasetamoli nayo ina tahadhari yake. Tumbo likichelewa kuipitisha, nafuu inaweza kuchelewa, na mtu akameza vidonge vingine akidhani vya kwanza havikufanya kazi. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, ambazo ni vidonge 8 vya miligramu 500, na aliye mwembamba au mwenye ini dhaifu anahitaji pungufu. Soma pia maandishi ya dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani na nyingine zina ibuprofeni.

Wenye kisukari wana hesabu tofauti kabisa na wanaotumia sindano kwa uzito tu. Metformini kwa kawaida husimamishwa kwa muda mtu akitapika au kuharisha hadi kukaukiwa. Dapaglifozini na empaglifozini husimamishwa pia, na kwa haraka, kwa sababu zinaweza kuzalisha tindikali ya ketoni kwenye damu hata sukari ikisoma karibu na kawaida. Kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu kwa mtu anayezitumia visihesabiwe kuwa ni virusi hadi ketoni zipimwe. Gliklazidi na glibenklamidi zinaweza kushusha sukari kupita kiasi kwa mtu asiyekula. Insulini haiachwi kienyeji: anayetumia insulini anaweza kuhitaji kubadilishiwa dozi, juu au chini, lakini mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha kabisa anahatarisha maisha. Pima sukari mara nyingi kuliko kawaida, kila baada ya saa 4 hivi.

Dawa za presha kama enalapril, lisinopril na losartan, pamoja na vidonge vya kukojoza, pia mara nyingi husimamishwa kwa siku hizo chache za kutapika au kuharisha, kisha hurudishwa ukishakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Mwenye ugonjwa wa moyo asijiamulie mwenyewe. Apige simu kliniki yake. Na mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango akumbuke kwamba kutapika na kuharisha hupunguza kinga yake, na tirzepatidi, hata bila kutapika, hufanya hivyo katika wiki 4 za mwanzo na wiki 4 baada ya kila kupanda dozi. Atumie kondomu kipindi hicho.

Usibaki nyumbani ukiona haya: hujakojoa kwa saa 8 au zaidi, huwezi kubakiza hata mafunda madogo, unasikia kizunguzungu ukisimama, unachanganyikiwa, unapumua kwa shida, kuna damu kwenye matapishi au choo, au homa haishuki kwa siku tatu. Maumivu makali ya tumbo la juu yasiyotulia, hasa yakipenya hadi mgongoni, yanaweza kuwa kongosho limevimba. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu pamoja na homa au macho ya njano huelekeza kwenye kifuko cha nyongo. Yote mawili ni madhara yanayojulikana ya dawa hizi na yote hujificha vizuri nyuma ya maneno "virusi vya tumbo". Ukiyahisi usichome sindano nyingine hadi uonwe.

Ukifika hospitali, sema unatumia sindano. Nasisitiza kwa sababu wengi huficha. Wengine wamenunua bila cheti, wengine hawataki ndugu aliyewasindikiza ajue, wengine hawaihesabu kuwa dawa kwa kuwa haiko kwenye orodha yao ya vidonge. Daktari asiyejua atashindwa kuelewa kwa nini tumbo halimwagi, na ukihitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji wa dharura, tumbo lako linaweza kuwa bado lina chakula hata kama hujala tangu jana. Mtaalamu wa nusukaputi akijua mapema atachukua njia ya kuzuia chakula kisiingie kwenye mapafu. Anahitaji mambo matatu tu: jina la dawa, dozi yake, na tarehe uliyochoma mara ya mwisho. Yaandike kwenye karatasi au kwenye simu leo, na umwambie mtu mmoja unayemwamini mahali yalipo, kwa sababu siku ya homa kali huenda usiweze kujieleza mwenyewe.