Tumbili, mtoto na mwanagenzi wa jahazi

Kima wa magofu ya Gede, hapa Malindi, hupokea ndizi mikononi mwa wageni, na wengi huuita huo utamaduni. Mimi siuiti, bado. Kima mwenye njaa aweza kuigundua ndizi peke yake bila kumtazama mwenzake.

Ushahidi unataka jaribio. Afrika Kusini (matokeo yalitoka 2013) watafiti waliwapa tumbili wa porini mahindi ya rangi mbili, bluu na waridi, rangi moja ikitiwa uchungu wa mshubiri. Kundi hili chungu ilikuwa bluu, kundi lile waridi; bila hivyo ungedhani tumbili huzaliwa wakipenda rangi fulani. Baadaye uchungu ukaondolewa. Watoto waliozaliwa baadaye wakafuata rangi ya mama zao. Karibu madume wote waliohamia makundi jirani wakaacha rangi ya kwao, wakala ya wenyeji. Ukitaka kujaribu hapa pwani, usisogeze vyombo karibu karibu: mwenye cheo atavikalia vyote viwili, nawe utapima ubabe ukidhani unapima mazoea.

Kufuata wenyeji, basi, tunashirikiana na wanyama. Tunapoachana ni kwenye hatua zisizo na sababu ya kuonekana.

Mwaka 2005 sokwe wa kisiwa cha Ngamba, Uganda, na watoto wa Scotland wa miaka mitatu hadi minne walionyeshwa jinsi ya kutoa zawadi sandukuni. Kwanza kijiti kilichomekwa tundu la juu, jambo lisilosaidia kitu, kisha tundu la mbele. Sanduku lisiloonyesha ndani, sokwe waliiga yote. Lililo angavu, waliruka hatua ya bure. Watoto waliendelea kuchomeka juu.

Usiwacheke. Mwanagenzi wa jahazi kule Matondoni, Lamu, huchovya pamba katika mafuta, huipigilia baina ya mbao, kisha hupaka deheni ya shahamu na chokaa. Akiiona chokaa haina kazi na kuiacha, jahazi litashuka majini vizuri tu; wadudu watoboao mbao huchukua miezi kumwonyesha kosa lake. Kwa kazi kama hiyo akili ya sokwe ni hasara.

Jaribio la sanduku ni rahisi kulirudia nyumbani kwa chupa ya plastiki angavu. Ila ukishaonyesha, toka chumbani. Mtoto akijua unamtazama aweza kuiga ili akuridhishe wewe tu.