Ini lenye mafuta na ini la mnywaji: acheni kusubiri macho yawe njano

Juzi tena nimempokea mgonjwa kabebwa na ndugu zake, macho njano, tumbo limejaa maji kama mama wa miezi nane, miguu imevimba. Nauliza imeanza lini, naambiwa "kama miezi minne hivi dokta, tulikuwa tunampa dawa za miti kwanza". Kwanza! Ndo maana leo najibu maswali ninayoulizwa kila siku.

Ini lenye mafuta ndo nini?
Ni ini lililojaza mafuta zaidi ya asilimia 5 ndani ya nyama yake. Sababu ninazokutana nazo ni mbili, pombe na unene, hasa kitambi kikiambatana na kisukari. Na wengi wanazo zote mbili, bia jioni afu chipsi mayai saa nne usiku. Mafuta yakikaa muda mrefu ini linaanza kuvimba, baadaye linaweka makovu, makovu yakizidi linakuwa gumu na kusinyaa, hapo tunaita sirosisi.

Mimi nakunywa bia tu, gongo sigusi.
Kwa ini pombe ni pombe. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za alkoholi, kichupa cha konyagi cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina kama 55, kwa hiyo ukishamaliza bia tatu umempita yule wa konyagi unayemcheka. Na dada zangu, nyinyi ini linaharibika kwa kiasi kidogo zaidi kuliko wanaume.

Lakini mbona siumwi popote?
Kwa sababu nyama ya ndani ya ini haina hisia ya maumivu. Ni ganda lake la juu tu linalouma, tena likivutwa sana. Unaweza kuwa na ini bovu miaka kumi na bado unacheza mpira Jumapili. Kutoumwa sio kipimo.

Basi si nitakuja nikiona macho yameanza kuwa njano?
Hapana. Narudia, hapana. Macho ya njano kwa mnywaji sio mwanzo wa ugonjwa, mara nyingi ni ini linakwambia limeshindwa kazi. Tumbo likijaa maji umechelewa zaidi. Kama unakunywa karibu kila siku, au una kitambi, au una kisukari, nenda ukapime SASA HIVI ukiwa mzima: damu ya kuangalia kazi ya ini, ultrasaundi, na homa ya ini B na C. Kama B huna, omba chanjo.

Mama mkwe anasema huu ni ugonjwa wa kurogwa, hospitali hawauwezi.
Kwa heshima zote za mama, tumbo la maji linatolewa kwa sindano wodini kila wiki na sijawahi kukuta kitu cha mtu humo ndani, ni maji. Mnapohangaika kumtafuta mchawi ini linazidi kuisha.

Na zile dawa za kusafisha ini?
Hakuna. Ini ndo linalosafisha, halisafishwi. Nyingine ya hizo mitishamba inaliumiza zaidi. Najua utaniambia jirani yako alipona, sawa, ila muulize vizuri: aliyemuuzia alimpa sharti asinywe pombe wiki sita, na ini la mafuta tu linaweza kurudi vizuri ndani ya wiki sita hizohizo ukiacha pombe, sasa sifa zote kapewa mzizi.

Kwa hiyo tiba ni nini?
Kama ni pombe, acha kabisa, sio kupunguza, sio kuhamia waini. Kama ni unene, punguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wako, yaani mwenye kilo 90 ashushe kama 6 hadi 9, taratibu. Soda na juisi za boksi ziondoke, mlima wa ugali ushuke, tembea kwa miguu. Mwenye sirosisi asikatazwe dagaa, mayai na maharage, anavihitaji maana misuli inaisha, anachopunguza ni chumvi hasa akiwa na maji tumboni. Dawa ya maumivu ya diklofenaki asiguse, na panadol asimeze ovyo, aulize kwanza.

Niache pombe leo leo mwenyewe nyumbani?
Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate pombe ya kutoa loki, usiache peke yako, njoo tukusaidie. Siku mbili tatu za mwanzo mtu anaweza kupata degedege au kuweweseka, na wapo wanaokufa. Sikwambii hivi upate kisingizio cha kuendelea kunywa.

Mgonjwa wetu ametapika damu kidogo, tusubiri asubuhi?
Msisubiri! Kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mnywaji kuanza kuongea vitu havieleweki na kulala mchana kutwa, ni hospitali usiku huohuo, hata kwa bodaboda mkiwa mmemshikilia katikati. Iwe ini, iwe vidonda vya tumbo, tutajua sisi mkifika. Maziwa msimpe.