Mnana wa uani hahitaji lenzi ya mamilioni

Wengi hapa Mwanza huniambia: "Bila lenzi ndefu ya mamilioni, ndege humpati." Kwa mwari aliye mbali ziwani, sawa. Kwa mnana anayedonoa mtama uani kwako Bwiru, si kweli hata kidogo.

Kinachoamua ni umbali. Ukisogea kutoka mita nane hadi nne, ndege huonekana mkubwa maradufu pichani. Kuvuta picha kwa vidole hakufanyi hivyo: simu nyingi hukata kipande tu na kukitanua, manyoya yakageuka uji.

Basi ndege ndiye aletwe karibu. Weka kisahani cha mtama mita mbili tatu kutoka dirishani, chomeka kijiti kikavu kando (mara nyingi hutua hapo kwanza, na kijiti hupendeza kuliko sahani), zima taa, jifiche nyuma ya pazia. Mimi hupiga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Saa sita jua liko utosini na mnana wa manjano hutoka pichani kama balbu. Mwenye kamera aweke kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) 1/1000 ya sekunde, maana hawatulii.

Na kisahani kioshwe. Mtama uliolowa huota ukungu unaoumiza ndege.