Mfuko wa kuzikana kwanza, kanisa baadaye: Wakroatia wa Pittsburgh

Parokia ya kwanza ya Wakroatia, wahamiaji kutoka Kroatia huko Ulaya, nchini Marekani, Mtakatifu Nikolao, ilianzishwa mwaka 1894 huko Allegheny, mji uliomezwa na Pittsburgh, jiji la jimbo la Pennsylvania, mwaka 1907. Wengi husimulia habari hii kwa kuanza na padri. Mimi naona mwanzo wake ni chama cha kufa na kuzikana.

Kibarua wa tanuru la chuma akifia kazini, mjane wake hakuwa na bima wala ukoo wa kumzika mumewe. Vyama vya kusaidiana vikajibu haja hiyo, na mwaka huohuo wa 1894, hapohapo Allegheny, ukazaliwa muungano unaojulikana leo kama Croatian Fraternal Union. Watu waliokwisha kuzoea michango, daftari na mweka hazina hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kuendesha harambee ya kanisa.

Kupata padri kulikuwa na sharti lake. Misa ilikuwa ya Kilatini, kwa hiyo hapo hapakuwa na tatizo. Mahubiri na kitubio ndivyo vilivyodai mtu wa lugha yao, maana nani anataka kuungama kupitia mkalimani? Wa kwanza alikuwa Dobroslav Božić, Mfransisko kutoka Bosnia.

Kilichowagawa ni kiwanja. Waumini waliotoa fedha zao za jasho hawakubali kirahisi kanisa likajengwe mbali na nyumba zao. Baadhi wakajenga Millvale, mji jirani, mwaka 1900. Waliobaki Allegheny, kando ya barabara ya East Ohio Street, mtaa wao wa Mala Jaska, wakajenga lao mwaka 1901. Makanisa mawili, jina moja, hata msanifu mmoja: Frederick Sauer.

Hilo la Allegheny lilibanwa kati ya barabara na kilima. Barabara ilipopanuliwa, jengo zima likasogezwa nyuma. Lilifungwa mwaka 2004 na kubomolewa 2013. La Millvale liliungua 1921, likajengwa upya, kisha paroko Albert Zagar akamwita mchoraji Maxo Vanka mwaka 1937 na tena 1941. Ukutani kuna akina mama wanaomlilia kibarua aliyekufa, na tajiri anayekula huku akisoma taarifa za hisa.

Adui wa michoro hiyo ni masizi na maji. Maji yakipenya ukutani huyeyusha chumvi ya plasta; ukuta ukikauka, chumvi hujitokeza na kuibandua rangi. Kusafisha rangi kabla ya kuziba paa na mifereji ni kazi bure.