Emacs inapokataa kukisia jina la faili

Umewasha flex, mtindo wa kulinganisha majina ulioingia toleo la 27 la kihariri cha maandishi Emacs mwaka 2020. Unabonyeza C-x C-f (Ctrl-x kisha Ctrl-f) kufungua faili, unaandika maji, na mapato-januari.org linajitokeza, kwa sababu m, a, j na i zote zimo kwa mfuatano huohuo. Safi. Kesho yake unaongeza majina.txt kwenye folda ileile, unaandika maji tena, na mapato-januari.org halionekani.

Wanaoniletea tatizo hili huwa tayari wamebadilisha kifurushi kimoja kwa kingine, wakiamini flex ni mbovu. Si mbovu. Haikuulizwa kabisa.

Emacs haichanganyi mitindo. Huijaribu mmoja baada ya mwingine, na ule wa kwanza kuleta jibu, hata jina moja tu, ndio unaomaliza kazi. Mtindo wa basic hutafuta majina yanayoanza na ulichoandika. Ukiwa mbele ya flex, majina.txt linatosha kuifungia njia. Futa majina.txt na basic inarudi mikono mitupu, ndipo flex inapopata zamu. Ndiyo maana tatizo linakuja na kuondoka kana kwamba halina sababu.

"Lakini nimeweka flex peke yake kwenye completion-styles!" Naamini; hicho ndicho kigeu chenye orodha ya mitindo. Basi angalia kigeu cha pili, kinachopanga mitindo kwa kategoria, yaani aina ya kitu kinachokamilishwa: C-h v completion-category-overrides. Mara nyingi utakuta hiki:

((file (styles basic partial-completion)))

Mstari huu umenakiliwa katika mipangilio mingi kutoka maelezo ya kifurushi cha orderless (mtindo mwingine wa kulinganisha), na una sababu nzuri: basic ikitangulia, majina ya kompyuta za mbali hukamilika ukitumia TRAMP (sehemu ya Emacs inayofungua faili zilizo kwenye kompyuta hizo), na partial-completion hukuwezesha kuandika /u/s/d ukafika /usr/share/doc. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mitindo ya kategoria haifuti ile ya completion-styles. Inapangwa mbele yake. Kwa hiyo kwenye faili foleni yako halisi ni basic, partial-completion, kisha flex. Kama hutumii TRAMP, geuza:

(setq completion-category-overrides
      '((file (styles flex partial-completion))))

Ukitumia TRAMP kila siku, mimi ningeacha basic mbele na kuvumilia. Kukosa kukamilisha jina la seva kunaudhi kuliko kuandika herufi mbili zaidi.

Kuna lalamiko jingine linalofanana na hili ila chanzo chake ni tofauti: faili lipo folda mbili chini na flex hailioni. C-x C-f hukamilisha folda moja kwa wakati, na hakuna mtindo utakaoifanya ichimbe chini zaidi. Unachotaka ni C-x p f, inayokusanya faili zote za mradi. Huko kategoria ni project-file, nayo huja na mtindo wa substring kutoka kiwandani. Tatizo la foleni linajirudia palepale: njia yoyote yenye maji mfululizo itazificha nyingine. Ongeza project-file kwenye mpangilio wa juu, nayo ipe flex mwanzoni.

Wanaotumia Vim, kihariri kingine, wasihangaike na mpangilio: neno fuzzy ndani ya chaguo la wildoptions halihusu majina ya faili na folda, na nyaraka za Vim zenyewe zinasema hivyo. Huko tumia programu-jalizi.

Ukihamisha mipangilio kutoka Mac kwenda Linux, kagua pia read-file-name-completion-ignore-case. Kwenye Mac na Windows huwa t (ndiyo: herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi), kwenye Linux huwa nil (hapana), hivyo rmj iliyokuwa ikikuletea Ripoti-Mei-Juni.org haitaleta kitu hadi uiweke t mwenyewe. Fido-mode, hali iliyomo ndani ya Emacs, hukuwekea hilo pamoja na flex, na kwa anayeanza ndiyo njia fupi ninayoipendekeza.