Kidude cha FM si kibovu, redio ndiyo ya Kijapani
Mtu ananunua kile kidude cha kupigia muziki wa simu kwenye gari, anakichomeka penye kiwashio cha sigara, anakiweka 101.3, redio haifiki huko, basi anaapa kauziwa feki. Mara nyingi si feki. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na redio za huko kwa kawaida zilitengenezwa kushika megahezi 76 hadi 90. Kidude hurusha 87.5 hadi 108. Vinakutana kwenye kipande kidogo tu, 87.5 mpaka 90! Tafuta hapo masafa yasiyo na kituo, uweke namba ileile pande zote mbili. Ukisikia mikwaruzo, ongeza kwanza sauti ya simu. Ukiongeza ya redio peke yake, unakuza na mikwaruzo yenyewe.